Kumsaidia Mtoto Mdogo Aache Kunyonya Kidole Gumba

Somo la malezi kwa kamati za parokia, vikundi vya akina mama na wahisani



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za visima, madarasa, mikorosho na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaleta somo la nyumbani. Tumelichagua kwa sababu linaulizwa mara nyingi na akina mama na mabibi wa Masasi na Newala tunapowatembelea: "Mtoto wangu ana miaka minne, bado ananyonya kidole. Nifanye nini?"

Wengine wataona ni jambo dogo lisilostahili kujadiliwa katika kamati. Ukweli ni kwamba jambo lenyewe ni dogo, lakini namna tunavyolishughulikia si ndogo. Wapo watoto waliopigwa, waliofungwa mikono na waliopakwa pilipili kwa sababu ya kidole. Ndiyo maana tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika mikutano yenu, na mwishoni yajadiliwe maswali tuliyoyaweka.

KWA NINI MTOTO ANANYONYA KIDOLE?

Kunyonya ni kipawa ambacho mtoto huzaliwa nacho. Bila kipawa hicho asingeweza kushika ziwa la mama na kuishi. Vipimo vya picha vinavyotumika kuangalia mimba vimeonyesha watoto wakinyonya kidole wakiwa bado tumboni. Kwa hiyo mtoto mchanga anayepeleka mkono mdomoni hana tabia mbaya, wala hajarogwa, wala si ishara kwamba mama atapata mimba nyingine upesi kama wengine wanavyosema.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, mkono mdomoni mara nyingi ni dalili ya mapema ya njaa. Mama mwenye kuijua dalili hiyo hamsubiri mpaka alie, humpa ziwa. Tukumbuke kwamba mtoto wa umri huo anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, na kwamba baada ya miezi sita huongezewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka miwili au zaidi.

Mtoto anapokua, kidole huwa na kazi nyingine. Humtuliza anapochoka, anapoogopa, anapokuwa mpweke au anapotaka kulala. Hapa tuangalie maisha yetu. Msimu wa kupalilia na msimu wa korosho, baba na mama huondoka alfajiri kwenda shamba. Mtoto hubaki na bibi au na dada yake wa miaka minane. Wapo wanaoachishwa ziwa ghafla kwa kupakwa shubiri kwenye titi, au kwa kupelekwa kwa bibi kijiji kingine wiki nzima. Mtoto huyo amepoteza ziwa, na kwa muda amempoteza mama pia. Amebakiwa na kidole chake. Kidole hakiendi shamba.

Watoto walio wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne, bila mtu kufanya lolote. Kwa umri huo dawa kubwa ni subira.

WAKATI GANI TUWE NA WASIWASI?

Yapo mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni meno. Mtoto huanza kuota meno akiwa na miezi sita hivi, na meno yote 20 ya utoto huwa yametimia akiwa na miaka kama miwili na nusu au mitatu. Meno ya kudumu ya mbele huanza kutoka akiwa na miaka sita hivi. Mtoto anayeendelea kunyonya kwa nguvu, saa nyingi kila siku, baada ya miaka minne au mitano, anaweza kusukuma meno ya juu yakatokeza mbele, na meno ya juu na ya chini yakashindwa kukutana. Kaakaa nalo laweza kuwa jembamba. Habari njema ni kwamba akiacha kabla ya meno ya kudumu kutoka, mara nyingi taya hurudi lenyewe bila matibabu. Kwa hiyo tunao muda wa kutosha kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwa mtoto wa miaka mitano tuanze sasa, tena kwa upole.

La pili ni uchafu. Mkono wa mtoto anayecheza chini hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Minyoo ya safura huingia zaidi kwa ngozi ya miguu, lakini minyoo mingine ya tumbo huingia kwa mdomo, na kidole ndiyo njia yake. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde jambo hili lina uzito wa pekee. Udongo wetu huyanywa maji ya mvua, vijito hakuna, na tangu zamani akina mama wa Newala wameteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, unaopandisha maji kutoka chanzo cha Mitema, umesaidia sana, lakini kila familia hapa inajua maana ya wiki isiyo na maji bombani. Nyumba yenye ndoo moja hunawisha watoto mara chache.

La tatu ni letu sisi watu wa korosho. Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wabanguaji wanajua, ndiyo maana hupaka mafuta ya kula au majivu mikononi kabla ya kazi. Mtoto mdogo anayeokota korosho pamoja na bibi yake, kisha akaipasua kwa jiwe na kuweka kidole mdomoni, anaweza kuungua midomo na ulimi. Hali kadhalika salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga: huwasha macho na koo. Mtoto anayenyonya kidole asishike korosho ghafi, wala asichezee magunia ya salfa. Akiguswa na mafuta ya ganda, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, asukutue kinywa, na kama amepata malengelenge apelekwe zahanati.

NJIA TULIZOZIZOEA

Hapa naomba niseme ya nyumbani kwangu, ili nisionekane ninawahukumu wengine.

Mwaka 2003 binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu, nami nilikuwa na mimba ya pili. Alinyonya kidole mpaka ngozi ikawa nyeupe na kukunjamana. Shangazi yangu alikuja kututembelea Newala akaniambia, "Mwanangu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mpake pilipili." Nilimheshimu, na methali nilikuwa naijua. Jioni nilisaga pilipili mbuzi, nikampaka kidole gumba.

Hakukiweka mdomoni. Alijifuta macho.

Sitasahau kilio kile. Nilikimbilia mtungi, na mtungi ulikuwa na maji kidogo sana chini, kwa sababu tulikuwa siku ya nne bila maji na nilipanga kuteremka kesho yake. Nilimwosha kwa maji hayo machache na kwa chai ya rangi iliyokuwa imepoa. Jirani akaleta kopo. Macho yalipona baada ya siku mbili, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule mtoto alikataa kulala na mimi. Alilala na shangazi, na alilala akinyonya kidole cha mkono wa pili.

Nilipokwenda kliniki ya wajawazito nilimweleza muuguzi. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, ananyonya saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba ananyonya. Sikujua ni wakati gani. Akaniambia, "Nenda ukaangalie wiki moja, kisha urudi." Nitaeleza mbele nilichokiona.

Pilipili, shubiri, mwarobaini, kupiga vidole kwa fimbo, kufunga mkono kwa kamba, kumwita mtoto "kichanga" mbele ya wenzake, kumtisha kwamba kidole kitakatwa: njia hizi zote zinafanana. Wala si za kwetu peke yetu. Huko Ujerumani, mwaka 1845, daktari Heinrich Hoffmann alitoa kitabu cha hadithi za watoto ambamo fundi cherehani mwenye mkasi mkubwa anamkata vidole gumba mtoto mnyonyaji. Watoto wa vizazi vingi walisomewa hadithi hiyo, na bado wakanyonya vidole.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mtoto ananyonya kidole kwa kuwa anataka kutulia. Ukimtisha unamwongezea hofu, na hofu inamrudisha kwenye kidole. Ni sawa na kuzima moto wa nyasi kwa mafuta ya taa. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili. Kumpaka pilipili mtoto wa miaka mitatu si malezi.

Na ile methali je? Ni ya kweli. Lakini inamhusu mzazi anayeogopa kumkatalia mtoto jambo baya, asije akalia. Haisemi kwamba mtoto aumizwe ili ajifunze.

HATUA ZA KUFUATA

1. Angalia kwanza. Kwa wiki moja usiseme lolote kuhusu kidole. Tia alama ya mkaa ukutani kila unapomwona ananyonya: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mimi nilipofanya hivyo niliona alama karibu zote ziko sehemu mbili: jioni nilipokwenda maji, na wakati wa kulala. Mchana kutwa alikuwa akicheza bila kukumbuka kidole. Nilikuwa nikidhani ananyonya siku nzima.

2. Shughulikia sababu. Kama ni njaa ya saa kumi jioni, mpe uji au kiazi kilichobaki. Kama ni usingizi, mlaze mapema. Kama ni upweke, asiachwe peke yake saa ile. Mimi nilianza kumpa binti yangu kopo dogo, tukawa tunakwenda maji wote mpaka kwa jirani aliye njiani, ananisubiri pale na watoto wenzake. Alama za jioni zikapungua.

3. Zungumza naye. Mtoto wa miaka mitatu na kuendelea anaelewa. Mwite pembeni, usimwambie mbele za watu. Mwonyeshe kidole chake kilivyochubuka. Mwambie, "Tutasaidiana, mimi na wewe." Chagueni ishara ya siri, kwa mfano kumgusa bega, badala ya kupiga kelele "Toa kidole!"

4. Mpe mikono kazi. Apukuchue mahindi, achambue kunde, afinyange udongo, afunge mpira wa majani ya mgomba. Wamakonde wamesifika duniani kote kwa uchongaji. Watoto wetu ni wajukuu wa mikono hiyo, wapeni cha kushika.

5. Anza na mchana. Usitake aache yote kwa siku moja. Akishaweza mchana, ndipo mhamie kwenye usiku. Wakati wa kulala mpe kipande laini cha kanga ashike, au umshike mkono mpaka asinzie. Wengine humvisha soksi mkononi. Si vibaya kama mtoto mwenyewe amekubali na anaweza kuivua. Kumfunga ni jambo lingine.

6. Msifu. Kila jioni iliyopita bila kidole, aweke punje moja ya mahindi katika kopo lake. Punje zikifika kumi, apewe kitu kidogo anachokipenda: yai, embe, hadithi ndefu ya babu. Siku akishindwa, usitoe punje hata moja. Haba na haba hujaza kibaba, na punje alizozipata ni haki yake.

7. Wote wawe na neno moja. Haifai mama abembeleze, bibi apake pilipili na mwalimu wa chekechea achape. Hapa pana ugumu wa kweli, kwa kuwa mkamwana hawezi kumkosoa mama mkwe, wala kijana kumfundisha shangazi. Tutaeleza jinsi kamati inavyoweza kusaidia.

8. Subiri. Wiki za kwanza atarudia. Akiugua, akipata mdogo wake au nyumba ikifiwa, atarudia tena. Binti yangu aliacha kwa muda wa miezi minne, akarudia mdogo wake alipozaliwa, kisha akaacha kabisa kabla ya kuanza darasa la kwanza. Kurudia si kushindwa.

KIDOLE KINAPOKUWA DALILI

Mara nyingine kidole kinatuambia habari nyingine. Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya: ana zaidi ya miaka mitano na ananyonya kutwa, hataki kucheza wala kuongea, ameanza ghafla baada ya kuogopeshwa, kupigwa au kuumizwa na mtu, kidole kimevimba na kutoa usaha, meno ya mbele hayakutani au anashindwa kutamka vizuri, hakui, tumbo limejaa, au anakula udongo. Watakaoshindwa hapo watawaelekeza hospitalini, kama Mkomaindo kwa Masasi, hospitali ya wilaya kwa Newala, au Ndanda kwa walio karibu.

Jambo moja la kuonya: asiwepo mtu wa kuchokonoa fizi za mtoto kwa kisu au sindano kwa madai ya "meno ya nailoni". Meno hayo hayapo. Kinachotolewa ni chembe za meno halali ya mtoto, na wako waliofikwa na maambukizi mabaya kwa njia hiyo.

KAZI YA KAMATI ZA PAROKIA

Serikali ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu mimba mpaka miaka minane. Nguzo zake ni afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kidole cha mtoto kinagusa zote tano. Kamati inaweza kufanya mambo manne bila kungoja fedha.

Kwanza, somo hili lifundishwe na mabibi wenyewe. Bibi mmoja anayeheshimika akisema, "Sisi tulipaka pilipili, lakini tumejifunza njia bora," wenzake watamsikia kuliko watakavyomsikia afisa wa ofisi. Vilevile waalikwe akina mjomba. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito.

Pili, kila nyumba yenye mtoto iwe na kibuyu chirizi. Kinatakiwa dumu la lita tano, kamba, vijiti, na sabuni au majivu. Mtoto anakanyaga kijiti, maji yanachirizika kidogo, ananawa bila kushika dumu. Kwa uwanda usio na maji mengi hiki ni chombo cha hekima, kwa kuwa kinatumia maji machache kuliko bakuli.

Tatu, mkumbushe watu kuhusu Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, unaofanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A, na wenye miezi 12 hadi 59 hupewa dawa ya minyoo. Tangazo moja baada ya ibada linatosha. Desemba ndipo watu wengi wako shamba, kwa hiyo tangazo hilo lisikose.

Nne, chekechea za parokia zisiwachape wala kuwacheka watoto wanaonyonya vidole. Mwalimu awape kazi za mikono, na aongee na mzazi.

Tungependa pia kuwakumbusha historia yetu. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, alikuta jando na unyago vimeshika mizizi. Hakutaka kuving'oa kwa nguvu. Alitafuta namna ya kuvibadilisha viwe na maana mpya kwa Wakristo. Watu bado wanajadili alichofanya. Lakini fundisho moja limebaki: ukimnyang'anya mtu kitu kinachomshikilia, mpe kingine cha kushika. Ni hivyo hivyo kwa mtoto na kidole chake.

Kwa wahisani wetu: huenda hamkutarajia kusoma habari hizi. Hatuombi mradi wa vidole. Tunaomba mfahamu kwamba bomba la maji linalofika kijijini linampunguzia mama saa za kwenda bondeni, na saa hizo anakuwa na mtoto wake. Hesabu ya lita mnaiona katika taarifa zetu. Hesabu ya jioni ambazo mama yupo nyumbani hatujui kuiandika, lakini watoto wanaijua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu mtoto huachishwa ziwa kwa njia gani? Je, anaandaliwa, au anashtukizwa?
2. Msimu wa korosho watoto wadogo wanabaki na nani? Mlezi huyo ana umri gani, na nani anamsaidia?
3. Ni nani kati yetu alipakwa pilipili au kufungwa mkono utotoni? Anakumbuka nini?
4. Ni nyumba ngapi katika jumuiya yetu zina kibuyu chirizi kinachofanya kazi leo?
5. Mkamwana anapoona mama mkwe anamwadhibu mtoto isivyofaa, amwendee nani?

HITIMISHO

Zaburi ya 131 inamtaja mtoto aliyeachishwa ziwa, ametulia kifuani pa mama yake. Mtoto yule hana ziwa tena, lakini ana mama, na hilo linamtosha. Tukimpa mtoto wetu utulivu wa namna hiyo, kidole atakiacha mwenyewe, na meno yake yatakuwa salama.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, ana mtoto wake. Mwaka jana nilimwomba msamaha kwa ajili ya pilipili. Akacheka, akasema hakumbuki. Kisha akaniambia, "Lakini mama, nakumbuka lile kopo la maji."

Tafadhali tuandikieni mliyoyajadili. Majibu yenu yatatusaidia kuandaa somo lijalo.